Mama Elia na Marehemu Kanali

Tarehe 4 Juni 2020, siku ya Alhamisi, Mama Elia alifariki nyumbani kwa mwanawe Elia, mtaa wa Alief, Houston. Sauti yake ilikuwa imemtangulia kwa karibu miaka miwili. Nilimjua kwa miaka mitatu tu, na yote ilikuwa ya kazini, kwenye nyumba moja ya mbao kule Fort Worth ambako sisi wawili tulimtunza mtu aliyekufa zamani, mwanajeshi wa karne ya kumi na tisa aliyeishia kuwa mwanasiasa.

Mimi nimestaafu mwaka huohuo. Binti yangu Agnes ameniambia niandike, kwa sababu vijana wawili watatu wa hapa Haltom City wameulizia kazi ile pindi nyumba itakapofunguliwa tena. Basi naandika kwa ajili yao. Shule nimeishia darasa la saba, kwa hiyo nitaeleza mambo yalivyokuwa, basi. Habari za kupanda cheo hamtazikuta humu, maana sikupanda hata kimoja.

Nilianza Februari 2017. Kabla ya hapo nilikuwa seremala Morogoro, na nilipofika Texas kukaa na Agnes magoti yalikuwa yamekataa ngazi za ujenzi. Mtu wa kanisani akasema kuna nyumba ya makumbusho inatafuta mtu wa usafi. Nilidhani ni ofisi. Nikakuta nyumba nyeupe yenye nguzo barazani, na mlangoni mama wa makamo, mfupi, amevaa sweta la kijani na glavu nyeupe za pamba.

"Wewe ndiye Baba Agnes?" akaniuliza kwa Kiswahili. Sikutegemea.

"Ndiye mimi, Mama. Habari za asubuhi?"

"Nzuri. Vua saa."

"Saa ina kosa gani?"

"Inakwaruza. Na pete kama unayo. Hiyo kalamu ya mfukoni nayo itoe, ukiinama itadondokea kitu cha miaka mia na hamsini."

"Na nikipiga chafya?"

"Geukia dirishani. Kanali ameshakoholewa vya kutosha."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Mama Elia alikuwa Mtanzania kama mimi, mwenyeji wa Singida, mwalimu wa sekondari zamani. Pale alikuwa ndiye anayewazungusha wageni na kuwasimulia maisha ya mwenye nyumba. Jina la mwenye nyumba limeandikwa getini, sina haja ya kulirudia. Sisi tulimwita Kanali, na tulipochoka tulimwita marehemu.

Sasa mambo ya kazi, maana haya ndiyo yatakayowafaa. Vumbi linaanzwa juu na kuishia chini, kwa brashi laini ya nywele, siyo kitambaa. Dawa ya kupuliza usiingize ndani ya nyumba ile hata ukipewa bure. Kiti hakishikwi mikono yake. Unapitisha viganja chini ya kalio la kiti na kunyanyua kama unavyonyanyua mgonjwa. Usikae juu ya chochote. Ukichoka kuna ngazi za nyuma.

Lililonishinda mwanzoni ni useremala wangu. Wiki ya kwanza niliona mguu wa meza ya kulia chakula unacheza. Mkono ukaniwasha. Siku ya pili nikaja na gundi na kibano ndani ya begi. Mama Elia akaliona begi limetuna.

"Umebeba nini?"

"Gundi kidogo. Ule mguu wa meza ni kazi ya nusu saa."

"Baba Agnes, irudishe kwenye gari. Hapa hatutengenezi. Hapa tunazuia isiharibike zaidi."

"Lakini imeharibika."

"Ndiyo. Na wewe utaitazama hivyohivyo kila siku. Utazoea."

Sikuzoea, nawaambia ukweli. Hadi leo nikifumba macho nauona ule mguu.

Kazi ngumu kuliko zote mwaka ule ilikuwa koti la jeshi la Kanali. Mwezi wa saba nilipiga tochi ndani ya kabati la kioo nikaona unga mwembamba chini ya kola, na kitundu. Nondo. Nikajua tumekwisha. Mama Elia hakupandisha hata sauti. Tulilifunga koti kwenye plastiki, tukatoa hewa yote, tukaliweka kwenye friza kubwa ambayo kamati ya nyumba ilitununulia, ikawekwa gereji. Baridi inaua mayai ya nondo bila kugusa kitambaa. Likakaa humo wiki kadhaa. Mtu akipiga simu kuuliza habari za kazi, Mama Elia anamjibu, "Tuko salama, marehemu yuko kwenye friza." Mchungaji wetu alishtuka sana siku moja.

Niseme na habari za Kanali mwenyewe, maana utakuwa naye kutwa nzima. Alizaliwa kwenye milima ya Tennessee, baba yake akafa mapema, akalelewa na mjomba. Alikwenda vita vya Mexico akiwa bado kijana, akarudi na nyonga mbovu. Akajisomea sheria usiku, akahamia Texas, akafungua ofisi, akaoa. Vilipokuja vita vya wao kwa wao, aliongoza kikosi upande wa Kusini, upande ulioshindwa. Baada ya vita alichaguliwa kwenda bungeni Austin, kisha Washington, na inasemekana alipokuwa akihutubia watu waliacha kula. Uchaguzi wa mwisho alishindwa. Akarudi kwenye nyumba hii, akapanda miti ya pichi, akafa kitandani.

Na alimiliki watu. Naliandika hili wazi kwa sababu kijana mwenye ngozi kama yangu atakayepangusa kitanda kile atajiuliza, kama nilivyojiuliza. Siku ya pili ya kazi Mama Elia alinionyesha kijichumba nyuma ya jiko nilimowekewa fagio, ndoo na mashine ya kufyonza vumbi. Akasema, "Hiki kilikuwa chumba cha Vina. Mpishi. Alinunuliwa akiwa msichana. Uhuru ulipokuja alibaki hapa na watoto wake watatu, mpaka Kanali akafa." Nilisimama na fagio langu mkononi, sikujua niliweke wapi. Mwishowe nililiweka palepale. Hapakuwa na pengine.

Mwaka ule watu walikuwa wakigombana kila mahali kuhusu masanamu ya watu kama Kanali. Nilimuuliza Mama Elia anawezaje kumsimulia kila siku kwa sauti ile ya upole.

"Si baba yangu, na si adui yangu," alisema. "Ni marehemu wangu wa kazini. Namtaja alivyokuwa."

Maelezo yaliyoandikwa na kamati yalianzia vitani na kuishia Washington, na jikoni hayakufika. Mama Elia aliyasema kama yalivyo, ila hakuanzia vitani. Alianzia kwenye kiti. Ofisini kwa Kanali kuna kiti kilichokatwa mkono mmoja kwa msumeno, ili ile nyonga ipate nafasi. Aliwasimamisha wageni mbele ya kiti, akasema, "Mtu huyu hakuwahi kukaa bila maumivu tangu ujana wake." Hapo hata watoto walitulia. Na mgeni akimuuliza habari za jikoni, alimpeleka. Asipouliza, hakumpeleka. Hilo lilimkera, lakini maelezo yalikuwa ya kamati.

Agosti 2018 sauti yake ilianza kukwama. Tulidhani mafua, kisha tukadhani vumbi, na mimi nikajilaumu. Hospitali wakasema saratani ya koo. Walipomaliza upasuaji wa kwanza ilibaki sauti ya kunong'ona, na hiyo nayo ilimchosha.

Kamati ilimwambia kwa heshima kwamba watasubiri mpaka mwisho wa mwaka. Baada ya hapo wangeweka kifaa cha sauti, mgeni anavaa masikioni na kujizungusha mwenyewe. Anayewazungusha wageni asiye na sauti hana kazi. Na kwa nchi hii, asiye na kazi hana bima ya hospitali, na yeye matibabu ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Tulikaa ngazi za nyuma siku hiyo. Nikamletea chai ya chupa yangu, ikapoa mkononi mwake.

"Elia na mkewe wanatarajia mtoto," alininong'oneza. "Atazaliwa mwezi wa nne."

Nilijua maana yake. Mkwewe alikuwa amepoteza mimba mbili. Na kwetu mama ndiye anayekuja kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto siku arobaini.

"Nataka nimwogeshe huyo, Baba Agnes. Baada ya hapo sitasumbua mtu."

"Utamwogesha."

"Kwa bima ipi?"

Nikamwambia, "Wewe simama, mimi nitasema." Ilinitoka tu. Alinitazama kama nimerudi na gundi.

"Kwa Kiingereza hicho?"

"Ndicho nilichonacho."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini siku ileile tulianza. Wiki sita tulifanya mazoezi kila wageni walipoondoka, mimi nasema, yeye anasimama mlangoni. Akigonga fremu ya mlango mara moja, nimekimbia, nipunguze mwendo. Akigonga mara mbili, nimeruka kitu. Mwanzoni nyumba nzima ilisikika kama ina fundi.

Mwenyekiti wa kamati alikubali kutusikiliza Jumamosi moja ya Oktoba, pamoja na wageni wa kawaida, watu kama kumi na wawili. Alikuwa mama wa Kimarekani, mrefu, mpole wa maneno, mwenye kufuata taratibu. Niliazima koti la mkwe wangu. Mama Elia alinirekebisha kola, akaninong'oneza, "Usi-rush."

Mbele ya kiti nilisema sawasawa. Chumba cha pili nacho sawa. Kisha nikamtazama mwenyekiti usoni, na maelezo yote ya kamati yakatoka kichwani, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mama Elia aligonga mara mbili. Akagonga tena mara mbili. Sikukumbuka hata jina la vita.

Nilichokuwa nacho kichwani kilikuwa kitu kimoja tu. Kwetu, mtu akifa, kabla ya kuzikwa husomwa wasifu wake: kazaliwa wapi, na nani, kasoma nini, kafanya kazi gani, kaoa nani, kaugua nini, kapelekwa wapi kutibiwa, kafa lini, na kaacha nani. Nimeusikia wasifu mara nyingi kuliko hotuba yoyote. Kwa hiyo nikamsoma Kanali hivyo. Nikasema marehemu alizaliwa kwenye milima ya Tennessee, mtoto wa tatu. Nikasema alianza kusumbuliwa na nyonga akiwa kijana na maradhi hayo hayakumwacha. Nikasema alilitumikia bunge mpaka aliposhindwa uchaguzi, akapokea matokeo, akarudi nyumbani kulima. Nikasema aliugua tumbo, madaktari wakajitahidi, lakini hali ikabadilika. Wageni wote walikuwa wananitazama mimi, si vitu vya chumbani. Nadhani walifikiri amekufa wiki ile.

Nikafika kwenye aliowaacha. "Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu. Ameacha pia Vina, aliyempikia, aliyekuwa mtumwa wake na baadaye akawa huru, na watoto watatu wa Vina." Sikukusudia kumfundisha mtu yeyote. Nilikuwa nataja waliokuwamo ndani ya nyumba, kama inavyotakiwa. Halafu, Mungu anisamehe, nikasema, "Tusimame, tuinamishe vichwa." Walikuwa wamesimama tayari. Mzee mmoja akavua kofia yake. Wengine wakainamisha vichwa kweli, na mimi nikabaki nikitazama visogo vyao, sijui niwaamshe vipi.

Mama Elia aligonga mara moja, taratibu. Wakainua vichwa.

Wageni walipotoka mwenyekiti alibaki. Mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza, nayaandika nilivyoyaelewa.

"Ulimtaja Vina," alisema.

"Ndiyo, madam."

"Hayumo kwenye maelezo yetu."

"Alikuwa jikoni, madam."

Nilihisi nimemwachisha Mama Elia kazi kwa mdomo wangu. Nikamgeukia kumwomba radhi, hayupo mlangoni. Tukasikia vitu vinaburutwa nyuma. Tulipofika jikoni alikuwa anatoa vitu kwenye kile kijichumba: ndoo, fagio, mopu, mashine ya kufyonza vumbi, sanduku la taa. Kimoja baada ya kingine, anavipanga koridoni. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa kiganja. Alipomaliza alisimama pembeni, anahema, akamwonyesha mwenyekiti mlango kwa mkono, vilevile alivyowakaribisha wageni ofisini kwa Kanali.

Mwenyekiti aliingia. Ni chumba ambacho mtu mrefu hawezi kulala akanyoosha miguu. Alikaa humo muda. Alipotoka alijipangusa vumbi begani, vumbi ambalo lilikuwa kazi yangu.

"Ile ya kuinamisha vichwa," aliniuliza, "ni lazima?"

"Hapana, madam. Ilinitoka."

"Basi hiyo iondoe. Vina mwache. Na jifunze majina ya vita." Akafika mlangoni, akageuka. "Jumamosi ijayo mje wote wawili. Na vifaa mtafute pa kuviweka."

Tangu siku hiyo mafagio yangu yalikaa kwenye buti la gari la Agnes. Alilalamika mwaka mzima.

Tulifanya kazi hivyo, mdomo wangu na mkono wake, majira yote ya baridi. Alikuwa akitoka kwenye mionzi anakuja na skafu shingoni, anasimama mlangoni kwake. Wageni walidhani ni mwalimu wangu ananisahihisha, na hawakukosea.

Mtoto alizaliwa Aprili 2019, msichana, wakamwita Neema. Kamati ilimpa Mama Elia ruhusa. Wiki ya pili mimi na Agnes tuliendesha mpaka Alief kuwaona. Tulimkuta amekaa chini kwenye zulia la bafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, mtoto kalazwa juu ya miguu yake, beseni pembeni. Alikuwa anamkanda kwa viganja vilevile vilivyonifundisha kushika kiti. Alikuwa akimwimbia. Midomo inakwenda, sauti haitoki, na mtoto anamtazama midomo tu.

Mkwewe akasema mlangoni, "Mama, pumzika kidogo."

Mama Elia alitikisa kichwa. Mimi nilitoka nikaenda kusaidia kutengeneza mlango wa kabati la jikoni, maana pale niliruhusiwa gundi.

Alikaa siku arobaini zake, akarudi kazini. Mwezi wa kumi na mbili maradhi yalirudi, na Januari Elia alikuja Garland, alikokuwa akiishi mama yake, akafunga vitu vyake kwenye gari, akamchukua. Tuliagana barabarani. Mama Elia aliniambia nisisahau kabati la koti. Machi nyumba ya Kanali ilifungwa kwa sababu ya korona, na Mei wakanipigia simu kwamba hawatahitaji mtu wa usafi mpaka itakapojulikana. Nikawaambia umri wangu, nikawashukuru. Huko ndiko kustaafu kwangu.

Wiki moja baada ya kifo tulikwenda Houston kumzika. Joto lilikuwa kali, kila mtu na barakoa yake. Watu wa makaburi waliruhusu wachache tu kusogea, ndugu wa damu na mchungaji. Wengine tukae kwenye magari. Mimi si ndugu wa damu. Elia alikuja gari hadi gari, mtoto begani, akafika kwetu, akaniinamia dirishani.

"Baba, huyu jua litamuumiza. Naomba ukae naye kwenye gari langu, AC inafanya kazi."

"Nenda, mwanangu. Kamzike mama yako."

Akanikabidhi Neema. Alikuwa na mwaka na miezi yake miwili, mzito, amelala, shingo imelowa jasho. Nikakaa naye kiti cha nyuma. Kutoka pale niliona miavuli na migongo ya watu. Jeneza sikuliona likishushwa. Nilisogeza mkono ili kichwa chake kisining'inie, nikakaa hivyo mpaka bega likafa ganzi.

Baadaye miavuli ilianza kufungwa. Elia alirudi peke yake, udongo mwekundu kwenye viatu. Akafungua mlango wa nyuma, joto likaingia, akanyoosha mikono amchukue mtoto.

"Mwache kwanza," nikamwambia. "Amelala."

Akafunga mlango polepole. Akazunguka, akakaa kiti cha mbele, tukamsubiri mtoto aamke.